Herufi za Mninga

Enzi za ruksa, mitumba ilipoanza kumwagika madukani, nilikuwa nikipanga herufi kwenye kiwanda kidogo cha kupiga chapa mjini Songea. Herufi kubwa za matangazo alizichonga fundi wetu, mzee wa Kingoni, kwa mbao za mninga. Zilikuwa ndefu, nene, zimebanana, ili maneno yetu marefu yaenee kwenye karatasi moja. Wino haukuzishika sawasawa, kwa hiyo kila moja ilitoka na mabaka. Kwa miaka mingi mteja wa herufi hizo alikuwa mmoja tu: ofisi ya mifugo, kila ilipotangaza chanjo ya mbwa.

Siku moja akaja mfanyabiashara kutoka Tunduru, anafungua duka la nguo karibu na soko. Nilimwonyesha herufi ndogo za chuma, za kadi za harusi. Akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kwenye zile za mninga.

"Zile pale. Zinapiga kelele."

Tukachapa: JUMAMOSI ASUBUHI. WOTE MFIKE BILA KUKOSA. Chini yake, mahali duka lilipo. Neno nguo alilikataa. "Waje kwanza, nguo wataziona wenyewe."

Jumamosi nilikwenda kutazama. Watu walijaa hadi barabarani, na kila mtu kaja na mbwa. Mama mmoja alitoka Ruhuwiko kwa miguu na mbwa wanne. Mfanyabiashara alikuwa amepanda juu ya benchi, kanzu kaikunja hadi magotini.

"Dada, umeniandikia nini?"

"Ulichoniambia, mzee wangu."

Babu mmoja akasogea na jibwa lake. Nikamwamkia, shikamoo.

"Marahaba. Mnaanza na wakubwa au watoto?"

Kabla sijajibu, bwana mifugo akafika na baiskeli, jasho linamtoka, sanduku la sindano nyuma. Alikuwa ameliona tangazo ukutani akadhani wakubwa zake wamemruka. "Mbona sikuambiwa?" akafoka, na papo hapo akaanza kuchanja.

Mbwa walihitaji kufungwa. Yule mama wa Ruhuwiko akachungulia dukani, akauliza bei ya tai. Akanunua nne. Wengine wakamfuata. Mfanyabiashara hakutaka kuguswa na mbwa, akawa anawapa watu tai kwa ncha ya fimbo. Hadi adhuhuri tai zote zilikwisha na mikanda pia, lakini shati hata moja halikununuliwa.

Jumatatu alirudi kiwandani, amenuna. "Andika kwamba hapa hakuna chanjo."

Nilimshauri tutumie herufi za chuma. Akakataa katakata, alisema za mninga ndizo zinazosomwa. Tukachapa HAKUNA CHANJO, akayabandika matangazo hayo mji mzima.

Kesho yake watu walikwenda na mbwa wao hadi ofisi ya mifugo, wakitaka kuelezwa kwa nini chanjo imefutwa. Bwana mifugo akaanza kuulizia ni nani anayepanga herufi zile. Mimi nilikaa mwezi mzima nikipita nyuma ya soko, nikiogopa kukutana naye.