Gari la Kubembelezwa

Kila asubuhi, kabla hajaweka birika la chai jikoni, Shangazi alitoka uani, akainama nyuma ya gari la familia, akavuta kipande cha boksi alichokilaza chini yake jioni iliyotangulia. Alikigeuzia kwenye mwanga. Aligusa doa la oili kwa ncha ya kidole, akalinusa, akasugua kidole kwa gumba kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Kisha alitandika boksi jingine, akanawa kwa sabuni ya unga, akaenda kuwaamsha watoto.

Jirani wa upande wa pili wa ukuta, mwanamke asiyepitwa na jambo, hakuchoka kumtania.

"Gazeti la leo linasemaje, Shangazi?"

"Habari ni zilezile, mama. Ila wino unazidi kuwa mweusi."

Gari lilikuwa la mdogo wake, ambaye tangu apate mapacha hakuna aliyemwita jina lake tena, ila Baba Pacha. Lilikuwa gari kubwa la safu tatu za viti, refu kiasi kwamba Kitindamimba, mtoto wa mwisho, alipandishwa kwa kubebwa. Baba Pacha alilipata likiwa limeshatumika kwa watu wengine, na siku lilipoingia getini alilizunguka akilipapasa ubavu kama fahali wa maonyesho. Lakini aliyelikalia usukani hasa ni Shangazi. Baba Pacha alikuwa mtunza stoo, kazini kwake alikwenda kwa miguu. Mkewe alikuwa muuguzi na zamu zake hazikuwa na adabu. Kwa hiyo kuwapeleka watoto shule na kuwarudisha ikawa kazi ya Shangazi.

Udereva hakuuokota ukubwani. Ujana wake wote aliendesha gari la mkate, akishusha makreti madukani wakati watu wangali wanapiga miayo. Mumewe alipofariki, na tanuri la mkate nalo likazimwa, mdogo wake alimfuata akamwambia, "Dada, njoo ukae nasi. Nyumba bila mkubwa ni chungu bila kifuniko." Akapewa chumba cha nyuma chenye dirisha la kutazama uani. Humo aliweka kitanda, cherehani na saa ya marehemu, akawa mtu wa nyumba ile. Hakuwa msemaji. Ila alipenda kusema kwamba makalio ya dereva yana masikio, gari likiwa na neno litakwambia kitini kabla halijakwambia kwa taa.

Na gari lile lilikuwa na neno. Giaboksi yake ilikuwa otomatiki, ile ya kuweka D, ukakanyaga mafuta, ukaondoka. Lakini ukiweka D lilikaa kwanza kama mtu aliyeulizwa swali gumu, halafu likashtuka na kuchomoka kwa kishindo. Likishapata moto, kwenye kilima injini ilipiga kelele na magurudumu hayana habari. Mara nyingine gia iliachia kabisa, gari likabaki linaelea barabarani kwa ule mwendo uliobaki tu, dereva akiwa na usukani mkononi na hana gari.

Familia nyingine ingeogopa. Hii ilicheka. Baba Pacha alilipa gari jina, Bibi Harusi, kwa sababu, alisema, halipendi kulazimishwa, linataka kubembelezwa. Na kubembeleza kulikuwa na utaratibu wake: unaondoa mguu kwenye mafuta, unarudisha gia huru, unasubiri kidogo, unaweka D taratibu. Likikubali, nyumba nzima inapiga makofi. Mapacha walipanda cheo wakawa wasaidizi. Gari likiachia tu, wao nyuma huko, "Amenuna! Mbembeleze!" Hata wageni walifundishwa. Baba Pacha alikuwa na fundi wake, aitwaye Fundi Maliza, ambaye ugonjwa wowote aliutibu kwa kuongeza oili na kufuta ile taa ya onyo. "Maliza, umemaliza?" "Nimemaliza, bosi." Baada ya juma taa inawaka tena.

Shangazi naye alibembeleza kama wengine. Alijua haifai, lakini nyumba ya watu ina dari yake, ukisimama wima sana utagonga kichwa.

Hadi siku ile kwenye njia panda ya kinu cha unga.

Alikuwa amewachukua watoto shule, jua kali, gari limeshakunywa foleni mpaka limechemka. Alitaka kukata kulia kuvuka barabara kuu. Akatazama, akaona nafasi ya kutosha, lori lilikuwa bado mbali. Akakanyaga mafuta. Gari likaingia katikati ya barabara, gia ikaachia.

Injini ikalia. Gari likasimama kama limepigwa misumari, limekaa mshazari, ubavu waliokalia watoto umeelekea kule lori linakotoka. Shangazi akarudisha gia huru, akaweka D. Hakuna. Akarudia. Hakuna. Lori likaanza kupiga honi, honi moja ndefu isiyokatika, na akaliona jinsi lilivyoinamisha pua kwa breki.

Na nyuma yake watoto walikuwa wanacheka.

"Amenuna! Amenuna! Mbembeleze, Shangazi!" Mapacha wanapiga makofi kwa mpigo, na Kitindamimba, aliyejua neno moja tu la wimbo ule, anadakia, "Leze! Leze!" Mmoja wa mapacha akampungia mkono dereva wa lori.

Gia ikashika. Gari likaruka mbele kama limechapwa, likapanda ukingo wa barabara upande wa pili, na lori likapita nyuma yao likitoa moshi wa matairi. Dereva wake alipita ametoa macho, mdomo wazi.

Shangazi akazima injini. Kilichomtisha si lori. Lori lilifanya kazi yake, lilipiga honi na kushika breki. Ni yale makofi. Wamewafundisha watoto kukishangilia kitu kitakachowaua.

"Shukeni," alisema.

"Amekubali, Shangazi, twende," mmoja wa mapacha akamwambia.

"Najua amekubali. Shukeni. Leo tunatembea."

Kesho yake, watoto walipokwisha kwenda shule kwa miguu, alilipeleka gari taratibu, lingali baridi, kwa fundi wa giaboksi nyuma ya soko la mbao. Hakumwomba mtu ruhusa. Fundi yule alikuwa mtu mnene mwenye utani mkavu, anafanya kazi amekalia tairi. Alifungua sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, akaishusha, akamsogezea Shangazi achungulie.

"Unaona nini, mama?"

"Oili nyeusi. Na vinang'aa."

"Hiyo ilitakiwa iwe nyekundu kama juisi. Hapo sasa ni uji wa chuma. Vile vinavyong'aa ni meno ya humo ndani, yenyewe kwa yenyewe yanatafunana. Na huu weusi ni sahani za klachi zilizoungua." Akafuta mikono. "Likiwa baridi linashika, likipata moto linaachia. Sivyo?"

"Ndivyo. Je, kwa mteremko? Mdogo wangu anataka kuwavusha watoto mlima, likizo ikianza."

Fundi hakutania tena. "Kwenye mteremko injini ndiyo inayosaidia kulizuia gari. Gia ikiachia, msaada huo umekwenda, umebakiwa na breki tupu. Gari zito, watu sita, mizigo. Utakanyaga breki mpaka zipate moto, halafu na zenyewe zitaachia. Na usiniulize habari ya kuliegesha. Kile kijino kinachofunga gia ukiweka P kimelika. Uani kwenu pana mteremko?"

"Upo."

"Basi mtoto asicheze nyuma yake."

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kwa wakwe wa Baba Pacha, ng'ambo ya mlima. Miaka yote alikuwa akiteremka huko kwa basi, na mkwewe, mzee mwenye ulimi, alikuwa na mazoea ya kumpokea kwa kumuuliza, "Mkwe wangu, dereva amekushusha wapi leo?" Mara hii Baba Pacha alikuwa amekwisha kuapa kwamba atalisimamisha gari lake mlangoni kwa mzee. Shangazi aliyajua hayo. Kwa hiyo alimngoja amalize kula chakula cha mchana cha siku ya mapumziko, ndipo akasema, na alisema yote, kuanzia njia panda mpaka sampo.

Baba Pacha alisikiliza huku akichokoa meno.

"Dada, mafundi wote ndivyo walivyo. Ukimpelekea pua, atakwambia ukate kichwa. Maliza amelitazama juzi tu."

"Maliza amefuta taa. Ugonjwa hajaufuta."

"Mbona mimi nikiliendesha halinisumbui?"

"Wewe unaliendesha kwenda kuoshwa."

Mkewe, aliyekuwa anakusanya sahani, aliinamisha uso ili asicheke. Baba Pacha aliona, na hapo ndipo alipokasirika.

"Na hata hivyo, ajali haina kinga. Kama imeandikwa, imeandikwa."

"Ajali ndiyo haina kinga, mdogo wangu. Hii si ajali. Hii tumeshawekeana nayo miadi, tunajua mahali, tunajua na siku."

"Sasa unataka niende kwa wakwe kwa basi tena?"

"Nataka wafike. Wakifika kwa basi, kwa baiskeli, kwa kubebwa mgongoni, wamefika. Mimi silishiki tena gari lile, na watoto hawapandi."

"Hawapandi kwa amri ya nani?"

"Yangu."

Baba Pacha aliweka kijiti chake mezani. "Dada, nakuheshimu. Lakini mwenye nyumba hii ni mmoja. Tusilisahau hilo."

Siku zilizofuata Shangazi aliwatembeza watoto shule na kuwarudisha. Wale mapacha walinung'unika, viatu vikaliwa visigino, Kitindamimba akabebwa nusu ya njia. Jirani alipouliza juu ya ukuta kama gari limeuzwa, Shangazi alimjibu kwamba lingalipo, ni akili tu zimenunuliwa. Na wakati watoto wakiwa shule alifanya safari zake nyingine. Alikwenda kwa mwanamke aliyewahi kupakia naye makreti, ambaye sasa ana tanuri dogo la mkate, akamuuliza kama chumba cha juu ya tanuri bado kitupu. Akapitia kituo cha mabasi, akauliza basi la mlimani linaondoka wakati gani na dereva wake ni mtu wa namna gani.

Wifi yake alimkuta kwenye kamba ya nguo, akashika ncha ya pili ya shuka wakaikamua pamoja.

"Wifi, na mimi huwa nalisikia," alisema kwa sauti ya chini. "Lile gari. Nikikaa mbele nashika mlango mpaka vidole vinauma. Ila nikisema naambiwa nimelishwa maneno na wewe."

"Basi usiseme."

"Nifanyeje?"

"Siku hiyo mimi nitatoka na watoto. Wewe utazame miguu yako inakwenda wapi. Sitakuita, wala sitakulaumu."

Wifi alikamua shuka ambayo haikuwa na maji tena.

Asubuhi ya safari Baba Pacha aliamka akiimba. Alilitoa gari akaligeuza pua getini, akafunga mizigo juu, akapanga vikapu nyuma. Alimbeba Kitindamimba akamkalisha katikati, akamfunga mkanda. Mapacha walikuwa wamesimama barazani na nguo zao nzuri, wanatazama mlango wa chumba cha nyuma.

Shangazi akatoka. Alikuwa na begi moja begani na cherehani mkononi. Alivitua barazani, akaenda moja kwa moja kwenye gari, akafungua mlango, akamfungua Kitindamimba mkanda.

"Dada," Baba Pacha akasema. "Mwache mtoto."

"Simwachi."

"Mwache, nasema." Alisogea karibu, lakini mkono wake haukuthubutu kumgusa. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni yeye mwenyewe alipokuwa mdogo kama huyo. "Unanivunjia heshima mbele ya watoto wangu."

"Heshima nitakuomba radhi nayo. Mtoto siwezi kukuomba radhi naye." Akamteremsha Kitindamimba chini, akamnyoosha shati. "Umlipe fundi, ulifanye gari lako liwe gari, na mimi nitakuwa wa kwanza kukupigia makofi. Leo hapana."

Baba Pacha aliufunga mlango wa gari. Aliposema tena, alisema polepole, kila neno peke yake.

"Ukitoka na wanangu hapo getini, na wewe usirudi. Mnanisikia nyote? Asirudi."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo wa nyumba mkononi. Alikwenda nyuma ya gari, akavuta kikapu chake kimoja katikati ya vingine vyote, akakitua kichwani.

"Utatukuta kwa baba," alimwambia. "Basi linalofuata lina nafasi. Njoo, nitakushikia kiti mezani."

"Nimekusikia, mdogo wangu," Shangazi akasema, maana jibu lilikuwa bado linadaiwa kwake. Akachukua begi lake, akachukua cherehani. Mapacha wakamshika Kitindamimba mikono, mmoja huku mmoja kule, wakatangulia. Yeye alifungua geti dogo la watembeao, akawangoja wapite wote, akalirudishia bila kulibamiza.

Waliteremka mtaa hadi kituoni. Aliwapandisha basi, akahakikisha watoto wamekaa mbali na mlango, akapeana mkono na wifi yake kupitia dirishani. Basi lilipoondoka alisimama akisikiliza gia zake, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja ikishika mahali pake, mpaka likapotea kwenye kona. Akahamishia cherehani mkono wa pili, akashika njia ya kwenda kwenye tanuri la mkate. Nyumbani kwa mdogo wake hakurudi.