Majibu ya Mama

Miaka michache baada ya vita vya pili, nikiwa mwari aliyekwisha kuposwa, nilikuwa nikichambua mchele na shangazi yangu, mara nusu ya uso wake ikatoweka. Mahali pake palikuwa na mwanga wenye meno kama ya msumeno, unatetemeka na kutanuka. Nikapiga ukelele. Baadaye kichwa kikaniuma upande mmoja hadi nikatapika.

Kichwa hakikumshughulisha mtu. Kipandauso kilijulikana Bagamoyo nzima: ufungwe kitambaa, ulale gizani, basi. Ule mwanga ndio uliotutia kiwewe. Shangazi alisema nina sheitani, na wakwe wakisikia posa itavunjika. Na wangesikia tu, maana shangazi hakuwa na kifua. Asubuhi yake mama alinivalisha buibui, tukaenda kwa daktari wa Kihindi aliyetibu nyumba za mtaani kwetu.

Siku hizo mwari hakusema na mwanamume asiye wa nyumbani, hata akiwa tabibu. Daktari aliuliza, mama akajibu, mimi nikatazama sakafu.

"Anaona nini?"

"Mwanga, daktari. Unaanza mdogo, kisha unafunguka."

Hayo nilikuwa nimemweleza.

"Upande gani?"

"Kushoto. Siku nyingine kulia."

Nikashtuka. Siku nyingine ipi? Mimi ulinijia mara moja tu!

"Na mkono?"

"Unakufa ganzi, vidole kwanza, kisha mdomo. Na maneno yanapotea. Unataka kusema kisu, unasema kikombe."

Nikainua uso, adabu nikaitupa hukohuko. Mama alikuwa akijibu huku machozi yanamtoka.

Daktari akamgeukia yeye. "Tangu lini, mama?"

"Kabla sijamzaa huyu."

Daktari akatuambia kwamba mwanga na kichwa ni maradhi mamoja, kipandauso kilekile, wala si sheitani. "Wako wengi humu mjini," alisema. "Kila mmoja anadhani yuko peke yake."

"Wengi?" mama aliuliza, kama mtu aliyepigwa kofi.

Njiani nikamshika mkono. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Niliachwa kwa ajili ya mwanga huo, mwanangu. Mume wangu wa kwanza."

Mpaka saa ile sikujua kwamba alipata kuwa na mume mwingine kabla ya baba. Nilipotaka kumuuliza zaidi, nyumbani tulikwisha kupapita, na mama alikuwa anapiga hodi kwa wakwe zangu, wayasikie kwake kabla ya shangazi.