Mchora Ngazi

Tangu aajiriwe, mhandisi huyu kijana alipewa kuchora ngazi tu. Hakununa. Kila Jumamosi alikwenda saiti, penseli sikioni, akawauliza mafundi kwa sauti yake ya chini, “Hapa nimewatesa wapi?” Wakimcheka, aliandika, wakimsifu, aliuliza tena. Juzi mkuu wake alipotafuta wa kusimamia ujenzi wa zahanati, wakongwe wa ofisi waliinamia simu zao. Yeye alifuta viganja kwenye sketi.

“Nipe mimi, mzee. Nikikosea, utasikia kwangu kwanza.”

Mkuu alimsogezea michoro yote. “Haya, binti yangu. Ukikwama, mlango wangu unaujua.”

Binti alikuwa ameshakunjua karatasi ya kwanza, akiuliza udongo wa pale ukoje.