Ndoo ya Nyumbani

Hakitupwi, muuza siagi ya karanga, alikuwa mwaminifu kupita kiasi, na uaminifu huo ndio uliomponza. Hakuna mteja aliyewahi kuuziwa karanga yenye ukungu. Alikaa mlangoni, ungo mapajani, akichambua moja moja: nzuri kwenye beseni la kuuza, zilizosinyaa na kuota ukungu kwenye ndoo ya nyumbani. Kutupa? Thubutu! Chakula hakitupwi, na moto, kwa imani yake, huua kila kitu. Za ndoo alizikaanga mpaka zikawa nyeusi, akazisaga, akampakia mumewe kwenye mkate kila asubuhi.

Mume alikuwa fundi cherehani, mdomo haupumziki hata akiwa na pini katikati ya meno. Miaka ya karibuni, mafua yakipita mtaa wa tatu, lazima yapitie kwake kumsalimia. Akijichoma sindano, kidonda hakifungi. Hakitupwi alimwambia wazi kwamba ugonjwa wake ni uvivu tu. Kisha tumbo likajaa upande wa kulia, macho yakageuka manjano, na mzee akaacha hata kubishana. Hapo mkewe akaogopa kwelikweli.

Daktari, binti wa rika la mtoto wao wa mwisho, alikuta uvimbe kwenye ini. Aliuliza kuhusu pombe; mzee hanywi. Akauliza kuhusu chakula, na Hakitupwi akajieleza kwa fahari, ndoo na yote. Binti akaweka kalamu chini. Akamweleza taratibu kwamba ukungu ule huacha sumu ambayo moto hauimalizi. Sumu hiyo huichosha kinga ya mwili, hata maradhi madogo yakamzidi mtu nguvu. Na ini likiimeza miaka nenda miaka rudi, uvimbe hupata pa kuota na kukulia. Hakuapa kwamba ndiyo sababu. Wala hakukana.

Nyumbani Hakitupwi aliimwaga ndoo chooni, akijitukana matusi yasiyoandikika. Mtaa mzima alikuwa ameulinda, hata jirani mmoja mmbeya ambaye yeye mwenyewe hamvumilii, na mume wake wa ndoa akamlisha makapi yao. Iliuma, jamani.

Asubuhi akachota kwenye beseni la wateja, akasaga, akapaka kwenye mkate, akampelekea mgonjwa kitandani. Mzee akatafuna, akakunja uso.

"Mama, leo umeharibu. Ile yangu iko wapi?"

"Imekwisha, mume wangu," alisema, akamega kipande kingine na kumlisha bila kumtazama.