Mahindi Yaliyochambuliwa Mno

Ashukuriwe Mungu aliyenirudisha nyumbani na akili zangu, maana safari hii ilikaribia kuzimaliza.

Niliondoka Bujora Jumanne kwa sababu ya magunia matano ya mahindi ya sadaka, yaliyokuwa yagawiwe wajane Jumapili. Bata wetu watatu waliyadokoa wakafa. Mimi ndiye mtunza stoo ya kanisa, nikaona kwanza yapimwe sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu.

Saa nne nilishuka stendi ya Buzuruga, mjini, na mfuko wangu, nikatembea hadi maabara. Alinipokea binti mtafiti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta mahindi."

Akasaga kiasi, akatia dawa, akachovya kijikaratasi. Tukangoja.

"Haya salama. Lakini babu, mbona yanang'aa hivi?"

"Mke wangu kayapepeta, akatoa yote yenye ukungu. Ulitaka nije kwa watu na mahindi machafu?"

"Ndiyo!" Akacheka mpaka akashika meza. "Babu, hapa hatupiki ugali! Rudi, uchote kila gunia, juu, katikati na chini. Usichague."

Mimi sikucheka. Goti langu lilikuwa linauma.

Jioni nilifika Bujora nimenuna. Mke wangu akauliza, "Wamesemaje?"

"Wamesema umechambua vizuri mno."

"Basi wamenisifu."

Nikamwomba Mungu uvumilivu, kwa sauti, ili naye asikie.

Jumatano nilirudi mjini na mfuko wenye punje nyeusi, nimeuficha chini ya koti kwa aibu. Safari hii binti hakucheka.

"Sumu ni nyingi, babu. Inaharibu ini, na kuipika hakuiondoi."

"Tukichambua je?"

"Hata punje nzuri kwa macho yaweza kuwa nayo. Wajane wasile."

Alhamisi tulifukia magunia yote, huku wazee wenzangu wakinung'unika kwamba nazika sadaka. Niliporudi nyumbani nikamkuta mke wangu amekaa na ungo, anapepeta mahindi yetu wenyewe ili tuwape wajane.

"Acha, mama! Nichote kwanza ya kupima."

"Yana vumbi, jamani!"

"Ndivyo wanavyoyataka!"

Basi Ijumaa, na goti langu, nikasafiri tena. Yalikuwa salama. Jumapili wajane wakala.

Nilichojifunza ni kwamba usafi wetu mbele ya wageni nusura uwaue wajane. Nawe unayesoma, Mungu akulindie ghala lako, na akupe moyo wa kuonyesha kilichooza kabla hakijafika mezani. Amina.