Namba Arobaini na Moja

Pale maabara jina lake halisi walishalisahau. Alikuwa Mzee Kinu, maana kwa miaka ishirini na sita alitwanga mbegu: za papai, za maboga, na mwaka huo za mlonge. Watafiti walisaka ndani ya mbegu hizo protini ya kuua bakteria walioshinda dawa za hospitali. Yeye hakuwa mtafiti. Kazi yake ilikuwa kutwanga, kuchuja, kuosha vyombo na kunyamaza, na kwa hilo la mwisho alikuwa fundi hasa.

Bakteria wa kujaribia walikaa kwenye friza, kila kichupa na namba yake. Namba arobaini na moja aliiandika kwa mkono wake, miaka sita nyuma, siku hospitali ilipoleta usaha wa kidonda cha mke wake. Dawa zote ziligonga mwamba. Mke akaenda kaburini, mdudu akabaki, na Mzee Kinu ndiye aliyemtoa mara kwa mara na kumlisha tangu hapo asife, kwa kuwa kazi ni kazi. Dunia ina mambo, jamani. Pale kazini hakumwambia mtu, si habari za msiba wala za kichupa. Angemwambia nani? Watoto hawakujaliwa, na upweke wa nyumba ile ulimtafuna kuliko uzee.

Ijumaa alikuwa anastaafu. Jumatatu majibu yakatoka: mlonge umegoma, haukuua bakteria wa namba yoyote.

"Shikamoo mzee. Tunaachana nao," alisema mtafiti, binti ambaye mzee angeweza kumzaa. "Wiki ijayo friza tunaisafisha."

"Marahaba." Mzee Kinu alichota unga uliobaki, akaunusa. Ulinukia kama karanga za kukaanga. "Daktari, mbegu hizi zilikaushwa wapi?"

"Kwenye oveni. Tulitaka kuwahi."

"Ukichemsha yai, ute wake hurudi kuwa maji?"

Binti akainamisha kichwa. Darasani aliyajua hayo yote, kwamba joto huharibu protini. Haraka ndiyo iliyomponza.

"Niachie mpaka Ijumaa," mzee alisema. "Nianze na arobaini na moja."

"Kwa nini hiyo?"

"Ni sugu sana." Ilikuwa kweli. Kweli nyingine akaimeza.

Akachukua mbegu zilizokauka kivulini, akazimenya moja moja, akaweka kinu ndani ya beseni la barafu na kutwanga taratibu, mpaka vidole vikafa ganzi. Akaloweka, akachuja. Alhamisi akapaka bakteria kwenye kisahani, akaweka juu yake kikaratasi kilicholowa maji ya mbegu, akafunika.

Ijumaa asubuhi kisahani kizima kilikuwa na ukungu wa bakteria, isipokuwa kukizunguka kikaratasi. Hapo palikuwa na duara safi, halina kitu. Akalipima kwa rula: milimita kumi na sita. Akapima tena, kisha tena, maana macho yalikuwa yamelowa.

"Mzee, umetutoa kimasomaso," binti alisema. "Ila mpaka iwe dawa, labda miaka kumi."

"Najua, mwanangu. Lakini imekubali."

Mchana wakamuaga kwa soda, biskuti na saa ya ukutani. Mkurugenzi alikosea idadi ya miaka yake ya kazi, mzee hakumsahihisha. Mlangoni binti akamshika mkono. "Msalimie mama nyumbani."

"Zitafika," alijibu.

Alipofika alifungua mlango, akaweka ile saa mezani, akaketi.

"Arobaini na moja imekubali," alisema kwa sauti.

Hakuna aliyeuliza nini. Akakumbuka na salamu za binti, akazifikisha nazo.