Kamera Iliyochoka Kila Saa Nne

Kila asubuhi kamera ya depo ya kahawa, pale Nyakasanza, ilianza kazi vizuri, na kila ilipofika saa nne ilichoka. Kamera kuchoka! Mama Musoki hakuwahi kusikia kitu cha namna hiyo tangu azaliwe, na kichwa kilimuuma kwa kukiwaza.

Miaka kumi na tisa alikuwa amechagua kahawa kwa mkono, punje mbaya huku, nzuri kule, na depo nzima haikuwa na jicho la kumshinda. Basi chama cha ushirika kiliponunua mashine ya kuchagua, yeye ndiye aliyekabidhiwa. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza: punje zinapita kwenye mkanda, kamera inazipiga picha, ile mbovu inapulizwa na hewa, fyuu, inaanguka nje. Picha zikiwa chache, mbovu zinaponyoka pamoja na nzuri. Asubuhi ilipiga picha themanini kwa sekunde. Saa nne, ishirini na tano. Na rais wa chama, papa Fulgence, alishasema: ikifika Ijumaa bado iko vile, mashine itauzwa, na kila mtu atarudi mezani kuchagua kwa mkono.

Kurudi mezani ndiko kulikomtisha Musoki. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu tangu mwaka uliopita. Namba kubwa za ekra, ile skrini ya mashine, aliziona, lakini punje yenye tundu la mdudu, wapi! Hakumwambia mtu. Nani atamwachia kazi mchaguaji asiyeona?

Akampigia simu Marcellin, fundi aliyefunga mashine, ambaye sasa alikuwa Mahagi.

"Mama, ile picha iko mukubwa sana," Marcellin akasema. "Kata juu na chini, bakisha kipande kidogo tu, pale punje zinapita. Picha kidogo inaendaka mbio."

Akakata. Namba ikapanda hadi mia na hamsini, naye akapiga kigelegele peke yake. Saa nne ikaanguka tena. Akabadilisha waya, akapangusa kioo, akazima akawasha, akaiombea kwa jina la Yesu. Ishirini na tano ileile! Alitaka kulia. Shetani gani huyu anayejua saa?

Alhamisi akapiga tena. "Marcellin, mutoto yangu, siye tumekwisha."

"Saa ine weye unafanyaka nini pale?"

"Hapana kitu! Jua ikiingia ninashusha bâche, ile turubai, juu ya mashine, basi."

Marcellin akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Bâche ya nini, mama?"

"Jua inaharibu macho! Kahawa wanachaguaka kwa kivuli, kila mutu anajua."

Na ni kweli, kwa mchaguaji wa mkono. Jua likipiga punje zinang'aa, alama zinapotea. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyoitunza kamera, maskini, kama dada yake wa mezani.

"Sikia, mama. Kamera ikikosa mwangaza inakawia juu ya kila picha. Toa ile bâche. Na taa nilikuachia, washa."

Taa hiyo alikuwa ameizima tangu siku ya kwanza, kwa sababu ilimchoma macho.

Ijumaa, bâche imetolewa na taa inawaka, saa nne ikapita, na namba ikabaki mia na hamsini. Papa Fulgence akachota kahawa iliyochaguliwa, akamjazia Musoki kiganja mbele ya wanawake wote.

"Ekra inaweza kudanganya," akasema. "Mama Musoki, jicho yako ndiyo tunaamini. Iko safi?"

Musoki akainama. Aliona ukungu tu, kiganja kizima. Kusema ndiyo kulikuwa rahisi, lakini kama mbovu zimo, magunia yatakwenda kwa mnunuzi kwa neno lake.

"Papa, sioni," akasema. "Tangu mwaka jana sioni."

Vahwere, aliyekaa naye meza moja miaka yote, akazichukua zile punje na kuzipekua moja moja. "Iko safi," akamwambia papa Fulgence. Kisha akamshika Musoki mkono.

"Siye tunajua, mama. Mbele mashine ifike, kila mangaribi ukishaenda, tulikuwa tunarudilia kuchagua kahawa ya kitunga yako."